Heri Kujikwaa Kidole

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa vyote viwili, na sasa nikiwa nimepita miaka sabini naweza kushuhudia kwamba walisema kweli. Kidole nilijikwaa Vudee, katika milima ya Upare ya kusini, mara zisizohesabika, na kila mara kilipona. Ulimi nilijikwaa mwaka 1984 kando ya uwanja wa michezo, na jeraha lake halikuwa langu peke yangu. Katika kurasa hizi nataka kueleza habari za kukimbia miguu mitupu: jinsi watu wa nchi zetu walivyokimbia hivyo tangu kale, jinsi tulivyokuja kuionea haya miguu yetu wenyewe, na jinsi nilivyolazimika kujifunza upya uzeeni kitu ambacho utotoni nilikijua bila kufundishwa.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1950, viatu havikuwa jambo la kuzungumzwa kwetu. Walikuwa navyo mchungaji, mwalimu mkuu na karani. Watu wazima wengine walikuwa na katambuga za mpira wa gari, ambazo zilivaliwa kwenda sokoni na kubebwa mkononi wakati wa mvua ili zisiharibike. Sisi watoto tulikwenda peku. Vudee iko juu, na maji ya mito yetu huteremka kuelekea Bangalala, ambako watu huyakinga katika ndiva kwa ajili ya kumwagilia mashamba, kisha Makanya katika tambarare ambako reli inapita. Mtoto aliyetumwa chini huko hakutembea. Alikimbia, kwa sababu mteremko wenyewe ulimsukuma, na kwa sababu akichelewa kurudi giza lingemkuta kwenye kupanda.

Nikisema hatukufundishwa, sisemi kwamba hatukujifunza. Tulijifunza kwa maumivu. Vijana wakubwa walikuwa mbele, nasi wadogo tulitazama wanapokanyaga. Aliyeshuka kwa kupiga kisigino juu ya mawe alikoma siku ileile. Aliyerefusha hatua aliteleza. Aliyetazama miguu yake badala ya njia iliyo mbele alijikwaa, na ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Mimi ukucha wangu uling'oka mara tatu kabla sijafika darasa la nne. Mama alifunga kidole kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya chumvi, na kesho yake nilikwenda shule nikikanyagia upande wa nje wa mguu. Hapakuwa na mtu aliyenihurumia kupita kiasi, wala aliyenicheka. Kila mmoja alikuwa na kidole chake.

Adui mkubwa kuliko mawe alikuwa funza. Jioni mama alikaa na pini karibu na kibatari, akatukagua vidole kimoja kimoja, akamtoa funza pamoja na mfuko wake wa mayai, kisha akapaka mafuta ya taa. Nilikuwa nikidhani funza aliumbwa pamoja na milima yetu. Nilikwisha kuwa mwalimu nilipokuja kusoma kwamba yeye ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimfikisha Ambriz, katika pwani ya Angola, akiwa ndani ya mchanga uliotumika kama uzito wa kuituliza meli. Kutoka huko alisafiri na misafara, mguu kwa mguu, akavuka bara zima, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani yetu ya mashariki. Maana yake ni kwamba babu zake babu yangu walitembea peku maisha yao yote bila kumjua. Miguu mitupu haikuwa imebadilika; biashara ya dunia ndiyo iliyoileta balaa. Lakini waliokuja kututawala, walipoona vidole vilivyoliwa na funza, walidhani wanaona uchafu wetu wa asili, na baada ya muda sisi nasi tukaamini hivyo.

Historia ya miguu mitupu katika nchi hii ni ndefu kuliko historia ya kitu kingine chochote tunachoweza kukionyesha kwa kidole. Mwaka 1978, huko Laetoli katika Ngorongoro, kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka zaidi ya milioni 3 na nusu iliyopita. Hao walitembea tu. Lakini huko Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, chini ya mlima Oldoinyo Lengai, ziko nyayo nyingine zaidi ya 400, na hizo ni za watu kama sisi. Wataalamu walioeleza habari zake mwaka 2016 wanakadiria kwamba zilikanyagwa kati ya miaka 19,000 na miaka kama 6,000 iliyopita. Baadhi ya wenye nyayo hizo, kwa jinsi hatua zao zilivyoachana, walikuwa wakikimbia. Walikuwa wakikimbilia nini, majivu hayasemi. Lakini vidole vyao vimebaki vimechorwa ardhini, na mtoto yeyote wa Vudee wa wakati wangu angeweza kuweka mguu wake humo na ukaenea.

Sina budi kutaja na jambo la kwetu wenyewe. Mwezi Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakaenda kukusanyika Same, makao ya wilaya, kupinga kodi iliyokadiriwa kwa kutazama mali ya kila mtu. Mapambano hayo yalijulikana kama mbiru, na Profesa Isaria Kimambo ameyaandikia kitabu. Watu walikaa Same kwa majuma, wakila chakula kilichopelekwa kutoka nyumbani. Wanawake nao waliandamana kuwaunga mkono waume zao. Hatimaye kodi ile iliondolewa. Baba yangu alikuwa mmoja wa walioteremka. Alipotusimulia hakusema lolote juu ya viatu, kwa kuwa hakuna aliyeviwaza. Ni mimi nifikiriaye sasa kwamba habari kubwa kabisa ya siasa ya Upare ilitembea peku, na hakuna aliyeona kwamba imepungukiwa heshima kwa ajili hiyo.

Basi aibu ilitoka wapi? Kwa upande wangu ilianzia shuleni, na nasema hivyo kwa uchungu kwa kuwa shule ndiyo iliyonilea na ndiyo niliyoitumikia. Tulijifunza kwamba aliyestaarabika ana viatu. Picha za vitabuni zilionyesha mtoto mwenye soksi. Siku nilipokwenda chuo cha ualimu, mwaka 1968, baba aliuza mbuzi wawili ili nipate viatu vyeusi vya ngozi. Nilivivaa nilipofika bondeni, si kabla, na jioni nilikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Niliyaficha malengelenge yale kama mtu anayeficha wizi. Miguu iliyoshuka mlima miaka kumi na zaidi bila kulalamika ilishindwa na kilomita chache za barabara ndani ya ngozi ya ng'ombe.

Wakati huohuo shule ileile ilitupa na hadithi ya kinyume chake. Mwaka 1960 mwalimu wetu alituhadithia habari za Abebe Bikila wa Ethiopia. Baadaye nami niliifundisha hadithi hiyo mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo naijua vizuri. Bikila alikuwa mtoto wa mfugaji, askari wa walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na hakuwa katika orodha ya kwanza ya timu. Alichukuliwa dakika za mwisho kwa sababu mwenzake hakuweza kwenda. Huko Roma viatu vipya alivyopata vilimbana. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi kwa viatu na bila viatu, hivyo yeye na kocha wake, Onni Niskanen kutoka Sweden, waliamua kwamba heri akimbie peku. Mnamo tarehe 10 Septemba 1960 alikimbia kilomita 42 na ushei juu ya mawe ya barabara za Roma usiku, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, wakati ambao hakuna aliyewahi kuufikia katika mbio hizo. Njiani alipita kando ya mnara wa Axum, ambao majeshi ya Mussolini yaliupora Ethiopia na kuusimamisha Roma mwaka 1937, na ambao ulirudishwa kwao mwaka 2005 tu. Mwafrika wa kwanza kutoka kusini ya Sahara kupata dhahabu ya Olimpiki aliipata hivyo, katika mji mkuu wa waliovamia nchi yake, bila kiatu.

Hadithi hiyo husimuliwa kana kwamba ilianza na kwisha usiku ule mmoja. Mimi darasani nilipenda kuongeza waliotangulia na walioshindwa, maana wanafunzi wangu wengi wangekuwa miongoni mwa hao. Mwaka 1954 Wakenya wawili, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro, walikwenda kukimbia London katika uwanja wa White City. Chepkwony alikimbia peku maili 6. Alikimbia kwa kuchomoka ghafla na kupunguza, akiwavuruga Waingereza waliozoea mwendo mmoja, lakini msuli ulimkamata akatoka kabla ya mwisho. Magazeti ya huko yangeweza kuandika kwamba huo ndio mwisho wa Mwafrika katika mbio ndefu. Kesho yake Maiyoro aliingia katika mbio za maili 3, akaongoza kwa umbali mkubwa tangu mwanzo, akafikiwa, lakini hakukata tamaa. Alimaliza wa tatu, nyuma ya Waingereza wawili walioivunja rekodi ya dunia siku hiyo. Baada ya majuma machache alikuwa wa nne huko Vancouver katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Kila mtu anamjua Kipchoge Keino aliyekuja baadaye. Mimi naona kwamba njia ilifunguliwa na yule aliyetoka uwanjani akichechemea.

Na tena, ili nisije nikaeleweka vibaya kwamba nakipiga vita kiatu, nilikuwa nawakumbusha wanafunzi kwamba Bikila huyohuyo alishinda tena Tokyo mwaka 1964, majuma machache tu baada ya kupasuliwa kidole-tumbo, na safari hiyo alivaa viatu na alikwenda kasi zaidi ya Roma kwa dakika 3. Kwake kiatu kilikuwa chombo. Kilipomfaa alikivaa, kilipombana alikiacha. Huko Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, alilazimika kuacha mbio kwa kuumia mguu baada ya kilomita kama 17. Siku hiyohiyo, katika mbio hizohizo, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea mpaka mwisho, akawa wa 57, wa mwisho kabisa, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Bingwa aliacha, na asiyejulikana akamaliza. Wote wawili walifanya lililowezekana kwa miguu waliyokuwa nayo siku hiyo.

Hayo yote niliyajua. Niliyajua na kuyafundisha. Sasa nieleze nilichofanya.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Ulikuwa wakati wa dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 lakini nchi haikuwa imeinuka. Sabuni, nguo na viatu vilitafutwa kwa foleni. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya shule za msingi ya wilaya. Mwaka uliotangulia watoto wa shule za mjini walikuwa wamewacheka wetu kwa kukimbia peku, na nilirudi nyumbani nimeumia. Basi asubuhi moja, mbele ya mstari, nilitangaza kwamba asiye na viatu asijisumbue kujiandikisha, kwa kuwa sitaki shule yangu ionekane ya washamba. Nakumbuka neno hilo hasa, washamba, kwa sababu watoto walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Palikuwa na msichana wa darasa la sita, mwenye miaka kama kumi na mitatu, ambaye hakuna aliyeweza kumfikia katika mita 1500. Nyumbani kwao hapakuwa na viatu isipokuwa raba za kaka yake. Alizileta, zikiwa zimejazwa magazeti mbele ili zisimvuke. Siku ya mashindano alianza vizuri. Mzunguko wa pili nikaona anakanyaga vibaya. Alipokuwa wa tatu, akasogea pembeni, akazivua, akazitupa nje ya mstari, akaendelea kukimbia. Miguu yake ilikuwa ikitoka damu kisiginoni, lakini mwendo wake ulibadilika mara moja, ukawa ule nilioujua. Akampita wa pili.

Nami nilikuwa nimesimama kando ya uwanja pamoja na walimu wakuu wengine na maofisa wa elimu. Nikamwita kwa jina, kwa sauti ya mstari wa asubuhi, nikamwambia asimame. Hapakuwa na kanuni yoyote ya mashindano iliyomkataza. Kanuni ilikuwa yangu. Mtoto aliyelelewa vizuri humtii mwalimu wake, naye alisimama palepale, katikati ya mbio, na wengine wakampita mmoja mmoja.

Sikumwadhibu. Nilimwambia avae raba zake, na jioni turudi nyumbani. Hakukimbia tena. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari kama wengi wa miaka ile, akaolewa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1994, Tegla Loroupe wa Kenya, ambaye utotoni alikimbia peku kwenda shule, alishinda mita 10,000 katika Michezo ya Nia Njema huko Urusi bila viatu, na mwaka huohuo akashinda marathoni ya New York. Niliisikia habari yake redioni nikaizima redio. Sisemi msichana yule angekuwa Loroupe. Huenda asingeshinda hata siku ile. Nasema tu kwamba aliyemsimamisha hakuwa kidole wala jiwe.

Nilistaafu mwaka 2009. Baada ya muda shinikizo la damu lilinipata, na daktari akanitaka nifanye mazoezi. Nilianza kukimbia taratibu nikiwa na raba nene nilizoletewa na mwanangu, lakini magoti yaliniuma. Mwaka 2012 mjukuu wangu aliyekuwa akisoma chuo kikuu alinisimulia, kama habari mpya kabisa, kwamba Wazungu wameanza kukimbia peku. Mwaka 2010 Profesa Daniel Lieberman na wenzake walikuwa wameandika kwamba wakimbiaji waliokua bila viatu, wakiwamo vijana wa Bonde la Ufa huko Kenya, mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya wayo, na hivyo kupunguza kishindo kinachompata avaaye viatu anapotua kwa kisigino. Nilicheka nikasema kwamba hilo nililijua nikiwa darasa la pili. Kesho yake alfajiri nilivua raba, nikakimbia kuzunguka kiwanja cha mpira mara nne.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mguu husahau. Siku mbili zilizofuata mashavu ya miguu yaliuma hata nikashuka ngazi za kanisa kinyumenyume. Yalipopoa nikarudia, nikapata malengelenge chini ya vidole. Yalipopona nikaongeza mwendo, kwa kiburi cha mtu aliyezaliwa Vudee, na katika juma la saba nikasikia maumivu ya kuchoma juu ya wayo. Daktari alinionyesha kwenye picha ufa mwembamba katika mfupa. Nilikaa miezi miwili bila kukimbia. Mjukuu alinihurumia, mke wangu hakunihurumia hata kidogo.

Nikiwa nimekaa nilipata nafasi ya kufikiri kama mwalimu. Nilikuwa nimemchukua mwanafunzi wa darasa la kwanza nikamkalisha mtihani wa darasa la saba. Miguu yangu ilikuwa imekaa ndani ya viatu miaka 44. Ngozi hujifunza kwa majuma, misuli kwa miezi, na mifupa ndiyo inayokawia kuliko vyote, nayo haina sauti ya kukuonya mpaka imekwisha kupasuka. Mwaka uliofuata nikasoma kwamba sikuwa peke yangu. Huko Marekani watafiti waliwapa wakimbiaji 19 viatu vyembamba vinavyoiga mguu mtupu, na baada ya majuma 10 zaidi ya nusu yao walionekana kuwa na dalili za uchovu katika mifupa ya miguu. Tena mwaka huohuo wa 2013 wengine walitoa habari za Wadaasanach wa kaskazini ya Kenya, watu wasiovaa viatu tangu kuzaliwa, ambao katika mwendo wa kawaida wengi wao hutua kwa kisigino. Basi hata ile kanuni ya kukanyagia mbele si sheria ya Musa. Kila mguu hujifunza kwa ardhi yake na kwa kasi yake.

Nilipoanza tena nilianza chini kabisa. Mwezi mzima nilitembea tu peku uani, dakika ishirini. Kisha nikakimbia hatua mia moja, zilizo fupi na za haraka, magoti yakiwa yamelegea, nikapumzika siku nzima kabla ya kurudia. Kipimo changu hakikuwa saa bali asubuhi iliyofuata: nikiamka na kukanyaga chini bila maumivu, naongeza kidogo, nikisikia maumivu ya mfupa, naacha. Siku ya kujikwaa narudi nyuma hatua moja, sianzi upya wala silazimishi. Baada ya mwaka na nusu niliweza kukimbia kilomita 3 kwenye njia ya udongo. Kwa mtoto wa Vudee hiyo si safari, lakini kwangu ilikuwa kubwa kuliko cheti.

Kwa ajili ya msomaji atakayetamani kujaribu, natoa na tahadhari ya mzee. Mwenye kisukari asikimbie peku, maana miguu yake huenda isisikie ikichomwa. Kila mtu ahakikishe amechanjwa pepopunda. Njia yenye unyevu iliyo karibu na vyoo ina minyoo ya safura, ambayo huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu. Hata sisi zamani tuliugua hiyo tukadhani ni uvivu. Viatu vimeokoa watoto wengi, na mzazi anayeweza kumnunulia mtoto wake viatu na anunue. Nisichokubali tena ni kwamba kiatu kiwe kipimo cha mtu.

Mwaka 2015 nilikwenda msibani katika kijiji kimoja wilayani Same. Baada ya mazishi mama mmoja alikuja akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo Mwalimu." Nilimtambua kabla hajataja jina. Alikuwa na mjukuu mgongoni. Nikamwomba tukae kando, nikamwambia kwamba nimekuwa na deni naye kwa miaka 31, na kwamba siku ile uwanjani nilimkosea. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au kwa ukali.

Alinyamaza, akamweka mtoto vizuri mgongoni, kisha akacheka kidogo. "Mwalimu, mimi ninachokumbuka ni raba," akasema. "Soli moja ilibanduka nilipozitupa. Kaka hakusema nami mpaka Krismasi."

Nikamwuliza kama angeshinda. Akasema hajui, aliyekuwa mbele alikuwa na nguvu. Kisha akasema, bila hasira, "Lakini ningependa kujua."

Sikuwa na jibu. Msamaha aliutoa, alisema yamepita, na naamini alisema kweli. Hata hivyo alichonyimwa ni kule kujua, na hakuna awezaye kumrudishia. Ukucha uliong'oka huota mwingine. Neno lililomsimamisha mtoto njiani haliwezi kuota mbio zake upya.

Tulipoagana alitazama miguu yangu, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia habari za mazoezi yangu. Nilivua kiatu kimoja nikamwonyesha wayo. Aliugusa kwa kidole gumba, kama mtu anayepima embe sokoni, akatikisa kichwa. "Bado laini, Mwalimu," akasema. "Usiwe na haraka."

Hilo ndilo somo la mwisho nililopewa na mwanafunzi wangu, nami nimelifuata. Siku hizi nakimbia mara mbili kwa juma, polepole, asubuhi jua lisipokuwa kali, na bado najikwaa. Nikijikwaa nasimama, natazama kidole, naendelea. Watoto wa shule wakinipita njiani, wengine na viatu vyao, wengine wamevishika mkononi, wanasema shikamoo wakikimbia. Naitika marahaba, wala siongezi neno.